Tunamtangaza Paka kwa Nani?

Ni sekunde chache tu. Mbega wekundu wako chini, mchana kweupe, ndani ya msitu wa Kibale magharibi mwa Uganda. Ghafla kitu cha rangi ya kahawia kinachomoka pembeni mwa picha, mbega wanatawanyika, na video imekwisha kabla hujajua umeona nini. Unairudia. Safari hii unaona mkia, mgongo uliojikunja, masikio mafupi.

Huyo ni paka wa dhahabu wa Afrika. Wapo askari wa wanyamapori waliotembea misitu hiyo miaka nenda miaka rudi bila kumwona akiwa hai hata mara moja. Wanamjua kwa picha za kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, kama sisi tu.

Video za namna hii husambaa. Mtu anaipokea kwenye kundi la WhatsApp, anashangaa, anaandika "Mungu fundi", anaituma kwa wengine, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Na kila anayeisambaza anaamini amesaidia uhifadhi, kwa sababu tumeambiwa hivyo: mnyama asiyejulikana hutoweka kimyakimya, basi tumtangaze.

Kwa wiki kadhaa sasa kuna swali limenikaa kichwani na halitoki.

Aliyeiona video hiyo, tunataka afanye nini?

Kwa wasiomjua

Nitapita haraka hapa. Ni paka wa msitu wa mvua, na ndiye paka pekee wa Afrika anayeutegemea msitu kwa maisha yake yote. Ndugu zake wa karibu ni simbamangu na mondo, ambao wao wamezoea nchi ya wazi. Ana uzito wa kilo 5 hadi 16, madume yakiwa makubwa kuliko majike. Kwa umbo ni karibu mara mbili ya paka wa nyumbani. Anakula panya, ndege, funo (swala mdogo wa msituni) na mara mojamoja kima. Makazi yake yanaanzia misitu ya Afrika Magharibi, yanapita bonde la Kongo, Ituri ikiwemo, hadi Uganda na Nyungwe kule Rwanda.

Rangi yake ni kituko. Wapo wekundu, wapo wa kijivu, wapo weusi kabisa. Wa magharibi wana madoa mengi, wa upande wetu mara nyingi wana madoa tumboni na ndani ya miguu tu. Mwaka 1906 ilielezwa kwamba mmoja aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya London aligeuka kutoka mwekundu kuwa wa kijivu ndani ya miezi 4.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kwenye daraja la chini kati ya matatu ya wanyama wanaotishiwa kutoweka. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya Kiambatisho II cha mkataba wa CITES.

Basi. Tuingie kwenye kinachonisumbua.

Gorila alituzoesha vibaya

Tukitaka kumtangaza mnyama wa msituni, kichwani tuna mfano mmoja: gorila wa milimani. Bwindi, msitu wa kusini-magharibi mwa Uganda, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Sensa ya 2018 iliwahesabu gorila 459 katika Bwindi na Sarambwe ya upande wa Kongo. Tangu Julai 2024 mgeni kutoka nje analipa dola 800 kwa kibali kimoja, watalii 8 kwa familia moja ya gorila kwa siku, saa moja. Asilimia 20 ya ada za kiingilio hurudishwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi, na kuna dola 10 zaidi zinazokatwa kwenye kila kibali cha gorila.

Hapo matangazo yana mantiki. Mtu wa Berlin anaona picha, anakata tiketi, fedha inafika Kanungu au Kisoro kando ya Bwindi, mwanakijiji anaona darasa jipya na anajua limetoka wapi. Mnyororo umekamilika.

Sasa mweke paka wa dhahabu kwenye mnyororo huohuo. Mtalii atalipa kuona nini? Hazoeshwi watu, hatembei kwa familia, hana ratiba. Ukiuza safari ya kumtazama utarudisha fedha za wateja kila wiki. Katika msitu huohuo, gorila analeta mapato na paka haleti hata senti, na mtego uliotegwa hauwatofautishi.

Kwa hiyo ule msemo wa "mnyama akijulikana atalindwa" una sehemu ya katikati ambayo huwa haitajwi: akijulikana, *kisha fedha ikapita hapa na pale*, atalindwa. Kwa gorila tumeiona njia hiyo kwa macho. Kwa paka inabidi kwanza mtu aichimbe.

Sisemi picha hazina kazi. Wafadhili ni watu, nao hawatoi fedha kwa mnyama wasiyemjua. Lakini tukubaliane kwamba video ile inazungumza na mfadhili. Hatujamwambia lolote mtu mwenye waya wa kutegea.

Mwenye waya hamtaki huyu paka

Hapa ndipo mawazo yangu yaligeuka.

Kampeni nyingi zimeandikwa kana kwamba kuna mtu anaamka asubuhi akaenda kumwinda paka wa dhahabu. Yupo, katika baadhi ya sehemu za Afrika ya Kati ngozi yake hutafutwa, lakini si huyo anayewamaliza. Anayewamaliza ni mtu aliyetega ili apate funo au nguruwe pori. Paka amepita njia ileile kwa sababu naye anamfuata funo yuleyule.

Kuna utafiti wa Gabon, uliochapishwa mwaka 2016, ambao ningependa kila mwandaaji wa mabango ausome kabla ya kufungua kompyuta. Watafiti walilinganisha maeneo yanayotumiwa kwa namna tofauti. Katika msitu usioguswa walikadiria paka 16 kwa kila kilomita za mraba 100. Karibu na vijiji, ambako watu huwinda, walikadiria chini ya 4. Na katika misitu inayokatwa mbao huku uwindaji ukidhibitiwa? Zaidi ya 10.

Soma tena hizo tarakimu. Msumeno uliosimamiwa ulimwachia paka nafasi. Uwindaji wa karibu na kijiji ndio ulioondoa robo tatu yao.

Hii haina maana msitu ufyekwe. Mnyama huyu bila miti hayupo, na mashamba ya michikichi na migodi humwondoa moja kwa moja. Maana yake ni kwamba bango lenye maneno "Tusikate miti, tumwokoe paka", likibandikwa Kigezi, eneo la Bwindi, limekosea mlango.

Na yule mwindaji ukimpa darasa kuhusu paka, utamfundisha nini? Yeye ndiye amemwona, wewe hujamwona. Anajua njia zake na mavi yake, anajua anapenda kupita wapi mvua ikinyesha. Elimu anayo. Asichokuwa nacho ni kitoweo cha Jumamosi.

Waya wenyewe

Tuutazame kwa karibu, maana wengi wanaouzungumzia hawajawahi kuushika.

Ni waya wa breki ya baiskeli au wa klachi ya pikipiki. Nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, unene wake haufiki wa penseli. Upatikanaji wake ni rahisi mno: kila fundi baiskeli ana rundo la nyaya chakavu anazotupa. Kitanzi upande mmoja, upande wa pili umefungwa kwenye mti au kwenye kijiti kilichopindwa kama upinde.

Ubaya wake uko kwenye ule msokoto. Mnyama akivuta, kitanzi kinakaza. Akitulia, hakilegei, kwa sababu nyuzi zimeng'ang'aniana. Funo huvuta kwa shingo akafa. Paka hunaswa mara nyingi kwa mguu au kiuno, naye ni mpiganaji, anageuka, anatafuna, anajirusha. Waya ukikatika, anaondoka nao. Unaingia kwenye nyama, unafika mfupa, kidonda kinaoza, na mnyama anafia bonde la pili ambako hakuna doria itakayomkuta. Sokwe wa Kibale na wa Budongo, msitu mwingine wa Uganda, wanaoishi bila vidole au kiganja ni ushahidi wa jambo hilohilo. Tofauti ni kwamba sokwe anafuatiliwa na watafiti kila siku, na paka hana anayemhesabu.

Jambo lingine halisemwi vya kutosha: sehemu kubwa ya nyama inayonaswa hupotea. Mtegaji mwenye nyaya nyingi hazipitii zote kila siku. Akichelewa siku nne kwa sababu ya mvua au doria, anakuta mzoga. Mnyama amekufa, na mtoto nyumbani hajala.

Mradi wa kuondoa mitego Kibale umekuwepo tangu 1997, na unafanya kazi. Lakini kung'oa nyaya bila kugusa kinachozileta ni kazi isiyokwisha. Nyaya chakavu mjini haziishi.

Meno

Mtafiti wa Uganda Badru Mugerwa, aliyeanzisha mradi wa Embaka pembezoni mwa Bwindi, alikuja na kitu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Huduma ya meno.

Wakazi wanaahidi kuachana na ujangili, na mradi unawaletea daktari wa meno bure, unawapa nguruwe wa kufuga, unasaidia vikundi vya kuweka na kukopa. Paka ndiye sababu ya mambo yote hayo, na jina la mradi ni lake kwa lugha ya huko, lakini mkutano wa kijiji hauanzi na paka. Unaanza na jino.

Fikiria kwa nini inaingia akilini. Jino likioza katika kijiji cha mlimani, zahanati ya karibu itakupa dawa ya maumivu. Kung'oa au kuziba ni safari ya mjini: nauli ya bodaboda, ada, siku nzima ya shamba imepotea. Watu wengi huvumilia mpaka uso uvimbe. Mgeni akija na kiti, ganzi na koleo, akakuondolea maumivu ya miezi mitatu kwa dakika ishirini, utalikumbuka jina la mradi wake kuliko ungelisoma kwenye fulana.

Hapo ndipo matangazo yanapata mwili. Watu wanamjua paka kwa sababu ndiye aliyeleta daktari.

Ila nina shaka, na sitaificha. Matibabu ni haki ya mtu. Tukiyafunga kwenye ahadi ya kutowinda, tunamwambia nini yule aliyekamatwa akiwa na waya mwaka jana na leo ana jipu la jino? Aende zake? Binafsi naona ahadi iwe ya kijiji, si ya mtu mmoja mmoja, na mlango wa kliniki usiulize rekodi ya mtu. Najua hoja ya upande wa pili: bila masharti, ahadi inakuwa maneno matupu. Bado sijashawishika.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, waliondolewa msituni Bwindi ilipofanywa hifadhi mwaka 1991. Kwao, mkutano wa kuahidi kutoingia msituni ni mkutano wa kuahidi mara ya pili kile walichonyang'anywa mara ya kwanza. Mradi wowote wa paka unaowaweka Batwa kwenye safu moja na mfanyabiashara wa nyamapori wa mjini umekosa adabu, na umekosa akili pia, maana hakuna wanaoujua msitu ule kuwazidi.

Hesabu ya nguruwe

Kwenye mifugo ndiko miradi mingi ya aina hii, popote ilipo, huteleza. Tufanye hesabu taratibu.

Unamkabidhi mtu mtoto wa nguruwe jike wa miezi miwili, aliyeachishwa kunyonya. Atafaa kupandishwa akiwa na miezi minane hivi. Mimba ni siku 114, wafugaji husema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Watoto wananyonya miezi miwili. Jumlisha: ni takriban mwaka mzima tangu siku ya kukabidhiwa hadi siku ya kuuza au kugawa kitoto cha kwanza.

Mwaka mzima. Na ahadi ya kuacha mitego aliitoa siku ya kwanza.

Katika miezi hiyo kumi na miwili familia ina nguruwe wa kulishwa na haina nyama zaidi ya iliyokuwa nayo jana. Waya unajaza pengo hilo. Ndiyo maana nguruwe peke yake hatoshi. Lazima kuwe na kitu cha haraka pembeni, kuku wa kienyeji, sungura, au mkopo mdogo wa kikundi unaowezesha kununua nyama ya mbuzi siku ya sikukuu. Pasaka na Krismasi ndipo mitego huongezeka, na mradi unaogawa nguruwe Novemba bila kufikiria Disemba utajuta.

Mengine yanayokwamisha:

Homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba, na ikiingia bandani huua karibu wote. Inaletwa na mabaki ya nyama yaliyotupwa kwenye lishe, viatu vya mchinjaji, dume la kuazimwa. Anayegawa nguruwe bila kwanza kufundisha banda lenye uzio, lishe ya marando ya viazi na pumba badala ya makombo ya hotelini, na kutoazimana dume ovyo, anagawa msiba. Mwaka mmoja wa ugonjwa hubomoa imani ya miaka mitano.

Dini. Waislamu na Wasabato hawali nguruwe, na wanaishi kando ya msitu kama wengine. Wape mbuzi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini orodha ya "mifugo ya mradi" yenye mnyama mmoja tu ni njia ya uhakika ya kuwaambia baadhi ya majirani kwamba hawahusiki.

Na mpango wa kurudisha watoto, yaani aliyepewa anatoa kitoto au viwili kwa kaya inayofuata, unahitaji daftari linalosomwa hadharani. Likibaki kwenye begi la afisa mradi, kaya ya tatu haitaona kitu.

Kamera, na nani azifunge

Kamera ya mtego ndiyo macho yetu pekee kwa mnyama huyu, na nimeona maelezo mengi mabovu ya namna ya kuifunga.

Kila kituo kinataka kamera mbili, moja kila upande wa njia, maana madoa yanayoonekana upande wa kushoto hayafanani na ya kulia. Zifungwe usawa wa goti, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, mita 2 hadi 4 kutoka katikati ya njia. Zisitazamane uso kwa uso. Zipishane kidogo, la sivyo mmweko wa moja utaiharibu picha ya nyingine. Ondoa majani na mimea itambaayo mbele ya lenzi, kwa sababu jani moja linalopigwa na upepo na jua litajaza kadi kwa siku mbili. Kisha pita mbele yake umechutama, uone kama inakushika.

Halafu saa. Saa za kamera zote mbili lazima ziende sawa kabisa. Zikipishana dakika tatu, na njia ikapitwa na paka wawili usiku huo, huwezi kujua ubavu upi ni wa nani, na makadirio yako yote yamekwenda. Baadhi ya kamera zikibadilishiwa betri hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Fundi asipoangalia, unapata picha safi ya paka ya mwaka ambao mradi haukuwepo.

Unyevu ni adui mkubwa: pakiti za silika ndani ya kasha, na zibadilishwe. Siafu na sisimizi huhamia ndani. Tembo hung'oa kamera na kuikanyaga.

Sasa nani azifunge? Naamini kwa dhati kwamba awe mwindaji wa zamani, na alipwe kama fundi, si kama kibarua wa kubeba begi. Yeye ndiye anayejua kona ya njia ambayo mnyama hawezi kuikwepa. Na kuna faida ambayo haionekani kwenye bajeti: akifungua kadi akamkuta paka wa kamera *yake*, anakwenda kuhadithia mwenyewe kilabuni jioni. Hakuna redio itakayolishinda hilo.

Moja la tahadhari kabla ya kuposti. Faili la picha hubeba ndani yake tarehe, na kwa baadhi ya kamera hata mahali ilipopigwa (GPS). Yafute. Usionyeshe mwamba, daraja au kibao kinachotambulika. Andika jina la hifadhi, usiandike bonde. Tunamtangaza mnyama; ramani ya kumfikia ibaki nyumbani.

Na picha iwe yake

Nikiwa hapohapo: ukitafuta "paka wa dhahabu" mtandaoni, utaletewa paka wa dhahabu wa Asia, mnyama mwingine kabisa, na ameshaingia kwenye mabango ya Afrika. Wa Asia ana mistari myeupe na myeusi iliyo wazi usoni, na ncha ya mkia wake chini ni nyeupe. Simbamangu naye huingizwa kwa makosa. Huyo ana masikio marefu yenye vishungi vya nywele nchani. Wetu ana masikio mafupi, ya mviringo, meusi kwa nyuma, bila vishungi.

Weka kitu cha kulinganisha ukubwa. Mzee aliyemwona mara tatu maishani akiambiwa huyo ni "paka adimu", na kwenye picha anaonekana kama chui, atakuambia hajawahi kumwona. Na onyesha rangi zake zote, vinginevyo wa kijivu atakuwa "si yule mliyesema tusimguse".

Umejuaje kwamba wameelewa?

Ripoti nyingi husema watu elfu kadhaa "wamefikiwa". Wamefikiwa na nini? Kama unataka kujua kampeni imefanya kazi, pima nyaya na pima uwindaji.

Nyaya hupimwa kwa kilomita zilizotembelewa. Tuseme mwezi wa kwanza doria ilitembea kilomita 80 ikakuta nyaya 24. Mwezi wa nne ikatembea kilomita 200 ikakuta 40. Mwandishi wa habari ataandika ujangili umeongezeka. Kwa hesabu ya kila kilomita 10, zimeshuka kutoka 3 hadi 2. Kinyume chake pia kipo: doria ikianza kufuata njia za vilele kwa sababu mabonde yana tope, nyaya "zitapungua" na hakuna kilichopungua.

Uwindaji ni mgumu zaidi kuupima, kwa sababu hakuna atakayekujibu. Uganda ina Sheria ya Wanyamapori ya 2019 yenye adhabu nzito. Nani atakiri mbele ya mgeni mwenye kalamu? Njia nzuri ni ya dadu. Mhojiwa anarusha dadu bila wewe kuona. Ikitoka 1, anajibu "ndiyo" vyovyote vile. Ikitoka 6, anajibu "hapana". Ikitoka 2 hadi 5, anasema kweli. "Ndiyo" yake haimfungi, maana huenda ni dadu iliyosema.

Umewahoji watu 120, wamesema ndiyo 44. Dadu ililazimisha ndiyo 20 na hapana 20, kwa wastani. Toa 20 kwenye 44 zinabaki 24, gawa kwa 80 waliosema kweli: asilimia 30 walitega mwaka huu. Ila usikimbie kuitangaza. Kwa watu 120, jibu hilo linaweza kuwa popote kati ya 17 na 43. Ukiwahoji 500, pengo linashuka hadi pointi 6 hivi kila upande. Anayewahoji watu 60 kabla na 60 baada, kisha akasema uwindaji umeshuka kwa pointi 10, anakisia.

Na wapo watakaokataa dadu kwa sababu ni kamari. Tumia punje za mahindi za rangi tofauti ndani ya mfuko. Anza na swali la majaribio lisilo na madhara, kama mtu alikunywa chai asubuhi, mpaka wazee waone mchezo unavyokwenda.

Ukikutana na waya

Kwa msomaji anayeishi kando ya Kibale, Bwindi, Nyungwe au Ituri, na wengi mnasoma hapa: hiki ndicho ninachotaka mfanye, na hakihusiani na kusambaza video.

Ukikuta kitanzi kitupu kwenye shamba lako au njia ya mpakani, piga picha kwanza, na alama ya mahali. Kisha kata waya kabisa na uondoke nao. Ukiulegeza ukautupa pembeni, kesho umefungwa mita kumi mbele. Ndani ya hifadhi usiingie peke yako kutafuta. Unaweza kukutana na mwenyewe, na doria inaweza kukudhania ndiye. Toa taarifa kituo cha askari wa wanyamapori.

Ukikuta paka amenaswa na yu hai, usimkaribie. Rudisha mbwa nyumbani, watoto pia. Asizungukwe na watu, maana kila akijirusha waya unazidi kuzama. Simu kwa askari au daktari wa mifugo wa hifadhi, na mtu mmoja abaki kwa mbali, mahali anapoweza kuona bila kuonekana. Usijaribu kukata waya kwa panga: akikuponyoka na kitanzi mguuni, hutampata tena.

Akiwa amekufa, mwache alivyo, picha ya ubavu wa kushoto, picha ya kulia, na ya tumbo ikiwezekana. Huenda yupo kwenye kadi ya kamera ya mtu, na hiyo ndiyo itakuwa njia pekee ya kujua kwamba hesabu imepungua kwa mmoja.